Biskuti Yenye Fundo

Vibati vya kukatia biskuti vilikuwa sita, vimepangwa juu ya meza ya jikoni kwa Bibi Ernestina, mke wa mchungaji Mdachi. Wanawake kumi na mmoja wa misheni walikuwa wamevizunguka, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugusa.

"Kila mama achague kimoja," Bibi alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Jumatatu tutaoka. Kila nyumba itapata biskuti kumi na mbili. Krismasi ni siku ya kupeana. Mtawapa watu mnaowapenda."

Unga wa ngano ulikuwa umefika Moshi kwa gari la moshi, jambo jipya wakati ule, kisha ukapanda Meru kwa vichwa vya wapagazi. Bibi aliulinda kuliko sadaka ya kanisa. Asali ilikuwa ya mlimani. Mdalasini ulitoka kwa Mhindi mmoja pale mjini Arusha, chini ya boma, na harufu yake ilikuwa imewapanda wanawake wote kichwani tangu walipoingia.

Magdalena, mke wa Sadoki seremala, hakuwa na haja ya kuwapa watu anaowapenda. Haja yake ilikuwa kwa mtu mmoja tu, naye kwa siku zile hakumpenda hata kidogo: baba yake mzazi. Tumbo la Magdalena lilikuwa limefika mezani kabla yake. Ilikuwa mimba ya kwanza, na ilikuwa imekwisha kushuka. Alimtaka mama yake. Hakutaka dawa ya Bibi ya chupa ya kahawia wala ushauri wa majirani. Alimtaka Nalepo, aliyezalisha nusu ya wanawake wa upande ule wa mlima. Na Nalepo alikuwa amekatazwa na mumewe, Mzee Lemburis, kuingia nyumba ya Sadoki mpaka Sadoki aombe radhi.

"Chukua nyota," alisema Hanna, jirani yake, mwanamke aliyekuwa na shauri kwa kila jambo la watu.

"Nyota? Baba atauliza nimeitoa wapi na nani kaniruhusu kuishusha."

"Basi mwezi."

"Mwezi atadhani namtumia hesabu ya mimba."

Wanawake wakacheka. Bibi Ernestina, alipoona mtu amekwama, akainua kibati cha tatu na kukiweka kifuani. "Huu ni moyo," alisema. "Upendo."

Wanawake walikitazama kibati, wakamtazama Bibi, wakakitazama tena.

"Mimi napasua mbuzi tangu sijaolewa," alisema mama mmoja mzee kwa Kimeru, ili Bibi asielewe, "na moyo wa namna hiyo sijauona. Hayo ni makalio."

Jiko zima likalipuka kwa kicheko. Bibi naye akacheka, akadhani upendo umeeleweka.

Kilibaki kibati cha mtu, cha ndege na cha ng'ombe. Mtu hakufaa. Mzee Lemburis ndiye aliyeeneza habari tangu zamani, siku zile alipolazimishwa kubeba mawe ya boma kwa kichwa chake, kwamba Wadachi hula watu. Kumpelekea mtu wa kuliwa, tena mwenye vifungo vya zabibu, kungekuwa kumpa ushahidi. Ndege ni chakula cha watoto wachungaji wa mbuzi. Kumpa mzee ni kumtukana.

"Ng'ombe," alisema Magdalena mwishowe. "Ng'ombe hamtukani mtu."

Hanna aliitikia kwa kichwa kana kwamba shauri hilo lilikuwa lake tangu mwanzo.

*

Sadoki alikuwa uani akipiga randa ubao wa kitanda cha mtoto. Alikuwa fundi hodari, na alijua hivyo. Madawati ya shule ya misheni yalikuwa yake, mimbari ilikuwa yake, na kila Jumapili alikaa benchi la mbele, alilolitengeneza mwenyewe, amevaa koti alilopewa na mchungaji ambalo mikono yake iliishia karibu na viwiko.

"Umechagua nini?" aliuliza.

"Ng'ombe."

"Ng'ombe kumi na wawili!" Sadoki aliweka randa chini kwa furaha. "Magdalena, hakuna mkwe mlima huu aliyewahi kupeleka ng'ombe kumi na wawili kwa siku moja. Akikataa hao, basi tena."

"Ng'ombe haombi radhi, Sadoki." Magdalena aliketi taratibu kwenye gogo, mkono mgongoni. "Ungepeleka jani, mama angekuwa hapa kesho."

Sadoki akaokota randa yake tena. Neno lenyewe lilikuwa hilo, na alikuwa akilikwepa tangu mavuno. Mlimani kwetu, aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la masale lililofungwa fundo. Anayeletewa masale hana ruhusa ya kukataa. Hata kama umemchomea nyumba, jani likifika mkononi mwake, atasamehe, atake asitake. Ni jambo jepesi, na masale humea kwenye kila mpaka wa shamba. Lakini darasani Mwalimu Eliamini, mwinjilisti wa misheni, alikuwa amesema masale ni mambo ya giza, na Sadoki ndiye aliyeitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote.

"Mimi ni Mkristo," alisema. "Ikijulikana nimepeleka jani lenye fundo, Mwalimu ataniweka benchi la nyuma."

"Kwa hiyo benchi ni kubwa kuliko mimi."

"Sikusema hivyo."

"Umesema benchi."

"Halafu mimi sikukosa! Nilikataa pombe. Kukataa pombe ni kosa?"

Hakuikataa, na hapo ndipo penye ubaya. Siku ya mavuno Mzee Lemburis alimpa mkwewe kibuyu cha mbege mbele ya wazee wote, heshima kubwa. Sadoki alipoona Mwalimu Eliamini anapita barabarani, alijifanya anakunywa huku akiimwaga yote nyuma ya mgomba. Huko nyuma alikuwa amefungwa beberu wa mzee, kipenzi chake, mwenye pembe zilizojikunja. Beberu alikunywa kibuyu kizima. Kisha akakata kamba, akaingia katikati ya wazee akicheza, akampiga mmoja pajani, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mfereji na kuanguka humo, pembe ya kushoto ikavunjika. Hakuna aliyehitaji kuuliza pombe ilikokwenda.

"Mimi naogopa, Sadoki," Magdalena alisema. Hakulisema kwa ugomvi. "Rafiki yangu alikufa mwaka jana akiwa na mtoto tumboni, na mama hakuwa karibu. Mimi nataka kumwona mama yangu nikifumbua macho. Basi."

Sadoki alipiga randa mara mbili, ubao ukatoa maranda marefu. Alitaka kusema jambo jema, lakini alichosema ni kwamba ng'ombe wale wangetosha.

*

Jumatatu jiko la misheni lilikuwa na moto kama wa mhunzi. Bibi Ernestina alikanda unga, akatia asali, mdalasini na tangawizi, kisha akasema kwamba kwao hutiwa unga fulani mweupe wa kuumulia, nao umekwisha. Je, hapa watu hutumia nini?

"Magadi," alisema Hanna, akajitolea kuyatia.

Hanna alitia magadi kwa mkono wa mtu aliyezoea kulainisha mahindi ya nyumba nzima. Hakuna aliyemzuia. Biskuti za wengine zilikuwa zimetangulia na bakuli la kwanza, lililokuwa na magadi kidogo, na zikatoka salama. Nyota zilitoka nyota. Mioyo ilitoka makalio, kama ilivyotarajiwa. Bakuli la pili ndilo alilolizidishia, nalo lilikuwa la Magdalena.

Ng'ombe kumi na wawili waliingia tanurini, wembamba, wenye pembe na mikia. Magdalena alisimama mlangoni akiomba kimoyomoyo. Bibi alipovuta bati nje, wanawake walisogea, kisha wakarudi nyuma.

Magadi yalikuwa yamefanya kazi yake. Ng'ombe walikuwa wamevimba. Matumbo yalikuwa yamemeza miguu, pembe zilikuwa zimegeuka masikio, na mikia ilikuwa imejikunja.

"Nguruwe," alinong'ona Hanna.

"Nguruwe!" Bibi Ernestina alipiga makofi, macho yakimng'aa. "Kwetu nguruwe ni bahati njema! Watu hupeana mwaka ukianza! Magdalena, umebarikiwa!"

Wanawake wengine walijaribu kutocheka. Walijaribu sana, na ndiyo maana mmoja wao alilazimika kutoka nje na kushika mti. Magdalena aliwatazama nguruwe wake kumi na wawili. Akamwona baba yake akifungua kifurushi mbele ya wazee, yeye ambaye hapiti hata karibu na zizi la nguruwe la misheni. Akaanza kulia, pale pale, mbele ya watu, machozi yakidondoka kwenye meza yenye unga.

"Dada, nisamehe," Hanna alisema, na safari hii hakuwa na shauri.

"Unga umebaki?" Magdalena aliuliza.

Ulibaki wa bakuli la kwanza, donge la kujaa kiganja. Magdalena alilichukua bila kuomba. Hakugusa kibati chochote. Alilisukuma kwa mikono likawa refu na jembamba, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kwenye kifundo. Akachukua kisu, akachonga ncha upande mmoja na mwingine, akachora mstari katikati. Kisha, taratibu, akalikunja donge lile na kulifunga fundo.

Hakuna Mmeru mle ndani ambaye hakujua anatazama nini.

"Hili ni nini?" aliuliza Bibi.

"Ni jani, Bibi."

"Jani gani?"

Magdalena aliweka kisu chini, maana mlangoni alikuwa amesimama Mwalimu Eliamini, kofia mkononi. Alikuja kuuliza habari za nyimbo za Krismasi, na macho yake yalikuwa yametua mezani.

"Mwalimu, tazama!" Bibi alisema kwa furaha. "Magdalena amefanya jani. Nadhani ni la mtende, kama siku ya Hosana. Sivyo?"

Mwalimu Eliamini alilitazama fundo. Alitazama tumbo la Magdalena, na macho yake mekundu. Mwalimu alikuwa mtu mkali, lakini alizaliwa mlimani, na kwa miaka mitatu yeye na kaka yake walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba.

"Ni jani, Bibi," alisema mwishowe. "Jani ni jani."

Akavaa kofia yake ndani ya nyumba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaondoka bila kuuliza habari za nyimbo. Bibi alilitia jani tanurini kwa mikono yake mwenyewe.

*

Masale hayapelekwi na mkosaji. Hutafutwa mtu wa kati. Hanna, aliyekuwa na deni la magadi, alilibeba kwa mikono miwili ndani ya jani la mgomba hadi juu kwa Mzee Lemburis, mchana ule ule wa Jumatatu.

Mzee alikuwa amekaa uani na wazee wawili, kibuyu katikati yao. Beberu mwenye pembe moja alikuwa amefungwa karibu, akimtazama kila mgeni kwa chuki.

"Shikamoo, Baba. Nimetumwa na mkweo Sadoki," Hanna alisema. Uongo huu alikuwa ameutunga njiani. "Anasema amekosa."

Lemburis alifungua kifurushi. Alikitazama kilichokuwamo kwa muda mrefu. Kilikuwa cha rangi ya udongo wa mto, kina ncha mbili na fundo, na kilinukia.

"Ni masale," alisema.

"Masale huwa kijani," alisema mzee wa kwanza.

"Masale huwa hayana mdalasini," alisema wa pili, akanusa tena ili ahakikishe.

"Lina fundo. Kilichofungwa fundo na kuletwa na mtu wa kati ni masale. Ninyi mnataka nini zaidi, limee?"

Wazee wakakubali kwamba ni masale. Likazuka swali zito zaidi: je, masale huliwa? Mzee wa kwanza alisema la, masale hushikwa. Wa pili alisema kinachonukia hivyo hakikuletwa kushikwa. Wa kwanza akasema msamaha ukiliwa utakwenda tumboni, na kila mtu anajua vya tumboni vinaishia wapi, je, keshokutwa Sadoki atakuwa amesamehewa au hajasamehewa? Walibishana hadi kibuyu kikaisha. Lemburis hakubishana. Alikuwa ameivunja ncha moja kwa bahati mbaya, na ncha ile ilikuwa imeingia mdomoni kwa bahati mbaya vilevile.

Asali ilimpanda, mdalasini ukamfuata, na mzee aliyekula ndizi na mtori maisha yake yote akafumba macho. Akavunja kipande kingine. Akavunja kingine. Alipofika kwenye fundo, Hanna akapumua: mambo yameisha.

"Basi," alisema Lemburis, akaacha.

"Baba?"

"Mkwe wangu ana makosa mawili. Kumwaga pombe yangu, hilo moja. Pembe ya beberu wangu, hilo la pili. Jani ni moja. Kosa la pombe nimelisamehe. Nimesamehe hadi kwenye fundo." Akalifunga lililobaki ndani ya jani la mgomba na kuliweka juu, kwenye dari, mbali na sisimizi. "La pembe aje alisemee mwenyewe."

"Na Mama Nalepo, je? Anaruhusiwa kwenda?"

Lemburis alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, hata pale ambapo haki haikuwa na maana yoyote. "Nimesamehe nusu," alisema. "Aende nusu ya njia."

*

Nusu ya njia ilikuwa mfereji. Ulipita katikati ya mashamba, upana wa mruko wa mbuzi, na kutoka ng'ambo yake mtu aliona mlango wa Sadoki vizuri. Jumanne asubuhi Nalepo alishuka na kifurushi chake cha kanga kuukuu, kisu na samli, akaketi ukingoni, miguu upande wa mumewe.

"Magdalena!" aliita. "Mgongo unauma wapi?"

"Chini!"

"Chini upande gani?"

"Mama, vuka tu!"

"Neno la baba yako. Hanna! Msugue na samli. Siyo hapo. Chini. Hanna, huyo si ng'ombe!"

Watu waliokwenda kuchota maji walisimama kusikiliza. Wengine waliketi. Kufikia adhuhuri mlima wote ulijua mgongo wa Magdalena unauma wapi. Sadoki alipita na mbao begani, akamwamkia mama mkwe wake kwa kuinamisha kichwa, na Nalepo akamjibu kwa heshima zote, kisha akaendelea kumtazama bila kupepesa mpaka mtu akaona haya kwa niaba yake.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," Sadoki alimwambia mkewe jioni, Nalepo alipokwisha kupanda kwenda kulala kwake.

"Utazaa wewe nusu?" Magdalena aliuliza.

Huko juu, Mzee Lemburis naye hakuwa na raha. Hukumu yake ilikuwa nzuri, wazee waliisifu, lakini ilikuwa na kasoro moja ambayo hakuiona alipoitoa: nusu iliyobaki hakuweza kuila mpaka mkwe aje. Alipanda darini mara tatu kukagua sisimizi. Alilinusa. Mara ya nne mkewe alimkuta amelishika.

"Nakagua," alisema.

Alitoka nje akatazama njia. Hakuna mtu. "Kijana wa siku hizi," alimwambia beberu, "kiburi kimemjaa, mtu anaweza kufa anamngoja."

*

Uchungu ulimshika Magdalena asubuhi ya Krismasi, kengele ya kwanza ilipolia. Nalepo alikuwa amekwisha shuka mferejini. Alisikiliza vilio viwili kutoka ng'ambo, na kwenye cha tatu akasimama.

"Sadoki!" aliita. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tangu mavuno. "Mtoto amekaa vibaya. Nimesikia. Mkono wa Hanna haujui kazi hiyo."

Sadoki alikuwa mlangoni amevaa koti lake la kanisani. Ndani, mkewe alikuwa ameshika nguzo ya kitanda na midomo yake ilikuwa imekauka. Alimtazama Sadoki na hakusema chochote juu ya jani, na hapo ndipo Sadoki alipoogopa hasa. Mke anayegomba ana nguvu. Huyu hakuwa na nguvu ya kugomba.

Hakuna unga uliobaki misheni. Nguruwe walikuwa wameliwa wote, maana watu walicheka lakini hawakuwatupa. Sadoki alikwenda kwenye mpaka wa shamba, akang'oa jani la masale, bichi, refu kama mkono wake. Alishindwa kufunga fundo mara mbili, yeye fundi wa mimbari.

Njia ya juu hupita mbele ya kanisa. Waumini wote walikuwa uwanjani, wameoga, wamejipaka mafuta. Sadoki alipita katikati yao akikimbia, koti likipepea, jani lenye fundo mkononi, na hakulificha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye alikuwa ameinama mbele ya usharika mzima. Watu wakageuka kumtazama Mwalimu Eliamini. Mwalimu alikuwa akikagua kucha zake.

"Jani halisi!" Bibi Ernestina alimpungia mkono kwa furaha kubwa. "Hosana, Sadoki! Hosana!"

"Hosana, Bibi," alijibu Sadoki, akahema, akaendelea kupanda.

Alimkuta Lemburis amesimama njiani, mbali kidogo na nyumba, kana kwamba alikuwa akipunga upepo. Sadoki alipiga magoti kwenye vumbi na kushika jani kwa mikono miwili. Hakuwa amepata mtu wa kati. Hakukuwa na muda.

"Baba, beberu alivunjika pembe kwa sababu yangu," alisema. "Na pombe niliimwaga. Lakini kosa langu siyo hilo. Niliona haya kuonekana ninakunywa na wewe. Wewe ulinipa binti yako, mimi nikaona haya kukaa na wewe. Hilo ndilo kosa. Nisamehe. Magdalena anakufa."

Mzee Lemburis alipokea jani. Alikuwa na maneno aliyoyaandaa kwa siku mbili, makali na yenye methali, lakini hakuyapata. Neno la haya lilikuwa limemchoma, maana alikuwa amelijua tangu siku ile na hakutaka mtu alitamke.

"Simama," alisema. "Pembe ya mbuzi ni pembe ya mbuzi. Simama, mwanangu, utachafua koti." Kisha akaligeuza jani, akalinusa, na uso wake ukaonyesha masikitiko ambayo hakuweza kuyaficha. "Hili ni bichi."

"Unga umekwisha, Baba."

"Sijauliza unga. Nimesema ni bichi." Akaingia ndani mbio kuliko umri wake, akatoka na kifurushi cha jani la mgomba. Nusu yote, pamoja na fundo, iliingia mdomoni mwake kwa mara mbili. "Bahi," alisema huku mashavu yamejaa, akitaka kusema basi. "Twende. Neno langu nalipeleka mwenyewe."

*

Walishuka pamoja, mzee mbele, kijana nyuma, na waliobaki nje ya kanisa waliwaona. Walipokaribia mfereji Lemburis alisimama, akajipangusa asali kwenye ndevu, akaita kwa sauti ya hukumu:

"Nalepo! Vuka!"

Ukingo wa mfereji ulikuwa mtupu. Hapakuwa na kifurushi wala kisu. Kulikuwa na alama za nyayo mbili kwenye matope, moja upande huu, moja upande wa pili, za mtu aliyeruka bila kusita. Kisha, kutoka ndani ya nyumba, kikatoka kilio chembamba, cha hasira, ambacho hakikuwa cha Magdalena.

Sadoki aliketi chini pale pale kwenye majani, na akalia kama alivyolia Magdalena jikoni, mbele ya watu.

Lemburis alivuka peke yake. Alisimama mlangoni mwa nyumba ambayo hakuwahi kuiingia. Magdalena alikuwa amelala ubavu, amechoka, mzima, akicheka kidogo. Nalepo alikuwa na samli hadi viwikoni.

"Nani alikuruhusu kuvuka?" aliuliza mzee.

"Huyu," alisema Nalepo, akamtia mjukuu mikononi. "Shika."

"Neno langu lilikuwa nusu ya njia. Umevuka kabla sijasamehe. Umenikosea."

"Nimekukosea. Dai."

"Nitadai." Alimtazama mtoto. Alikuwa wa kike, mwekundu, na paji lake la uso lilikuwa la Lemburis mwenyewe. "Na ninyi nyote mlionisikia mkanyamaza, nitadai. Na yule Mwalimu wenu aliyepita barabarani siku ile, ndiye mwanzo wa yote, naye ana lake."

Wiki zilizofuata, mlimani watu walikumbushana makosa ya miaka mingi. Mtu alisimamishwa njiani aombe radhi kwa jiwe alilorusha alipokuwa mchungaji wa mbuzi, na akaulizwa kwa upole kama mkewe anajuana na Bibi wa misheni. Kaka yake Mwalimu Eliamini aliletewa kifurushi siku ya pili ya Krismasi, jani bichi ndani yake. Bibi Ernestina alilazimika kuagiza gunia la pili la ngano, na aliandika barua ndefu kwao kueleza jinsi Wameru wanavyolipenda jani la Hosana.

Lakini asubuhi ile Mzee Lemburis alikuwa bado amesimama mlangoni, mtoto kifuani, blanketi lake jipya la siku ya heshima likiwa begani. Akahisi joto la majimaji. Likashuka taratibu kifuani, likafika tumboni, likaendelea. Hanna alinyoosha mikono haraka kumpokea mtoto.

"Mwache," alisema mzee, akamkumbatia zaidi. Akamgeukia Sadoki, aliyekuwa amefika nyuma yake na macho yaliyovimba. "Mkwe, umeona? Hana hata nusu ya siku, amekwisha nikosea."

"Nimeona, Baba."

"Nataka jani. Na safari hii," alisema Lemburis, "usiniletee bichi."